Fuata Mkono: Siku Kumi za Kusoma Jinsia katika Picha za Ulaya, Kutoka Firenze hadi London

Siku ya 1, Jumatano. Firenze

Makumbusho ya Uffizi na Accademia, ya hapa Firenze, hufungwa Jumatatu. Ya Paris, Louvre hufungwa Jumanne, Musée d'Orsay Jumatatu. Ndiyo sababu safari hii inaanza Jumatano; anayeanza bila kutazama ratiba hupoteza siku nzima nje ya mlango. Tiketi ya Uffizi inakatwa mtandaoni, kwa saa ya kwanza kabisa, saa 2:15 asubuhi. Ikifika saa 4, mbele ya Botticelli ni msitu wa simu zilizoinuliwa, na picha haisomeki kupitia migongo ya watu.

Mkobani kuna vitu vitatu: daftari lisilo na mistari, penseli mbili laini (kalamu ya wino walinzi huwa hawaipendi karibu na picha), na kipande cha karatasi ngumu kilichotobolewa kidirisha cha sentimita 3 kwa 4. Kidirisha hicho ndicho chombo kikuu. Ukikiweka mbele ya jicho moja na kufumba jingine, unaona mkono peke yake, au mguu peke yake, bila uso. Uso ni mwizi. Ukiuacha wazi, macho yote yanakwenda huko na sehemu nyingine za picha hupita bila kuulizwa.

Kila picha ipewe dakika 25, na ukurasa ugawanywe safu nne. Ya kwanza, dakika 10, ni kilichopo: vitu, miili, nguo, bila majina na bila sifa. Ya pili, dakika 5, ni mikono na macho: kila mkono unagusa nini, kila jicho linaelekea wapi, kwa mishale. Ya tatu, dakika 5: nani alilipa, ilitundikwa chumba gani, nani aliruhusiwa kuingia humo. Ya nne, dakika 5 za mwisho, ni hukumu. Karibu kila anayeanza huanzia safu ya nne. Huandika "mwanamke amedhalilishwa" au "mwanamke ametukuzwa", akafunga daftari, na picha haijamwambia lolote ambalo hakuja nalo.

Hapa Kiswahili kinatufaa kuliko lugha za wenyeji wa picha hizi. Kiambishi *a-* hakisemi jinsi ya mtu. "Amelala, amegeuza shingo, anatutazama, ameshika maua." Safu ya kwanza iandikwe hivyo tu, bila neno mwanamke wala mwanamume. Kisha isomwe upya na kuuliza: ni sentensi ipi ingekushtua kama aliyelala angekuwa wa jinsi nyingine? Hapo umeigusa jinsia, ile kazi na nafasi ambayo jamii humpangia mtu juu ya maumbile aliyozaliwa nayo.

Tunaanza na sanamu, kwa sababu michoro mingi ya Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, ni watoto wake. Venus wa Medici yuko katika Tribuna, chumba cha pembe nane ambacho mgeni hukitazama akiwa mlangoni. Ni marumaru, urefu wa mita 1.53. Mkono mmoja umepita mbele ya matiti, mwingine mbele ya siri. Mkao huo huitwa wa Venus mwenye haya, na asili yake ni sanamu ya Kigiriki ya karne ya 4 kabla ya Kristo. Weka kidirisha juu ya mkono wa chini. Hauzibi kitu, unaelekeza. Botticelli, mnamo mwaka 1485, aliuchukua mkao huohuo, akaongeza nywele ndefu za kushikwa na ule mkono. Huyo anatosha dakika 10.

Dakika zilizobaki ni za Titian. Venus wa Urbino, 1538, sentimita 119 kwa 165. Safu ya kwanza peke yake hujaza ukurasa. Amelala juu ya shuka nyeupe. Mkono wa kulia una waridi, machache yameshaanguka. Mbwa mdogo amejikunja miguuni, amelala usingizi. Nyuma yake pazia la kijani iliyokolea linaishia katikati kabisa ya picha, na ukingo wake unashuka wima kama uzi wa fundi mwashi mpaka kwenye paja, pale mkono wa kushoto ulipo. Vidole vya mkono huo vimekunjwa. Hauwezi kuitwa mkono unaoficha. Upande wa pili, mbali, kuna wajakazi wawili: mmoja amepiga magoti na kuinamia kasha, mwingine amesimama na nguo begani. Dirishani kuna chungu cha mhadasi.

Msomaji wa Pwani anaijua kazi ya kasha nyumbani mwa bibi arusi, na kwa bahati nzuri Italia ya karne ya 16 nayo ilijua: makasha yaliingia na bibi arusi nyumbani kwa mumewe, nguo zake zikiwa ndani. Mhadasi na waridi ni mimea ya Venus na ya ndoa. Kwa hiyo wapo wanaosema huyu ni bibi arusi. Wengine wanasema ni kahaba wa hadhi ya juu, kwa sababu hana Kupido, mtoto wa Venus mwenye mabawa, wala alama yoyote ya kiungu, na anatazama moja kwa moja bila kupepesa. Nyaraka hazimalizi ugomvi: mnunuzi, Guidobaldo della Rovere, aliyekuja kuwa mtawala wa Urbino, katika barua yake ya 1538 aliiita tu picha ya mwanamke uchi.

Ushauri wetu ni kuuacha ugomvi huo na kumtazama mbwa. Mbwa wa ndani humbwekea mgeni. Huyu amelala, ingawa mtu amesimama mbele ya kitanda. Basi aliyesimama pale hahesabiwi mgeni; ni mwenye nyumba. Mimi na wewe tunasimama mahali alipopangiwa yeye. Wahenga walisema macho hayana pazia, lakini picha hii ilichorwa ikiwa na pazia ndani yake, limefunguliwa upande mmoja kwa ajili ya jozi moja ya macho.

Siku ya 2, Alhamisi. Firenze: wanaume

Somo la jinsia linalosoma wanawake peke yao ni nusu ya somo. Asubuhi makumbusho ya Bargello, mchana Accademia, sanamu mbili za Daudi.

Daudi wa Donatello ni wa shaba nyeusi, wa katikati ya karne ya 15, urefu sentimita 158. Amevaa kofia na viatu virefu, basi. Mkono mmoja una upanga, mwingine umekaa kiunoni. Mguu uko juu ya kichwa cha Goliathi, na bawa la kofia ya chuma ya Goliathi linapanda kwa ndani ya paja lake. Zunguka upande wa nyuma, kwa sababu kwa mbele bawa hilo halionekani vizuri na wengi huondoka bila kuliona. Mwili ni laini, wa kijana asiyeota ndevu. Ilisimama katika ua wa jumba la Medici, ukoo uliotawala Firenze, mahali pa wageni wa heshima.

Daudi wa Michelangelo, 1501 hadi 1504, ni mita 5.17 za marumaru. Aliagizwa kwa ajili ya kanisa kuu, akasimamishwa mbele ya jumba la serikali, na hakuhamia ndani ya Accademia hadi 1873. Simama kama yeye: uzito wote mguu wa kulia, goti la kushoto lilegee, bega la kulia lishuke, shingo igeukie kushoto. Kaa hivyo dakika mbili. Mlinzi ameshazoea kuona watu wakifanya hivyo. Utahisi kwamba mkao unaoonekana wa utulivu ni wa mtu anayejiandaa kuondoka. Sasa mkono wa kulia: ni mkubwa kupita kiasi, mishipa imetuna. Wanaoandika "Michelangelo alikosea vipimo" wamesahau kwamba alipaswa kuonekana kutoka chini, mbali.

Linganisha na jana. Wote wako uchi. Venus alipewa mikono ya kujifunika. Mikono ya Daudi ina kazi. Hata hivyo watu wa kumwonea haya walipatikana: nakala ya plasta iliyopelekwa London mwaka 1857, sasa iko Victoria and Albert Museum, ilitengenezewa jani la mtini la plasta, lililotundikwa kwa kulabu kila wageni wa kike wa familia ya kifalme walipotarajiwa.

Siku ya 3, Ijumaa. Firenze, Uffizi tena

Siku nzima kwa picha moja. Yudithi Akimkata Kichwa Holoferne, ya Artemisia Gentileschi, mnamo 1620, sentimita 146.5 kwa 108. Yudithi ni mjane wa Kiyahudi aliyemuua Holoferne, jemadari aliyeuzingira mji wake.

Chora mikono tu. Usichore nyuso wala nguo. Mkono wa kushoto wa Yudithi umezishika nywele za Holoferne na kukikandamiza kichwa. Wa kulia una upanga. Mjakazi amemlalia kwa uzito wake wote. Mkono wa Holoferne umenyanyuka kuelekea kidevu cha mjakazi. Ukimaliza utaona mistari yote inakutana sehemu moja, shingoni, kama spoku za gurudumu. Mikono ya Yudithi imenyooka, mwili umevutwa nyuma. Ndivyo anavyosimama mtu anayekata kitu kigumu na hataki kuchafua nguo. Mikono ya gauni imekunjwa. Hii ni kazi, na wanaoifanya ni wawili.

Neno "wawili" ndilo la kupigia mstari. Katika picha ya Caravaggio ya mnamo 1599, iliyoko Palazzo Barberini, Roma (chapa yake ichukuliwe mfukoni), mjakazi ni kikongwe aliyesimama kando na nguo ya kubebea kichwa. Yudithi yuko mbali kidogo, kama aliyekabidhiwa upanga sasa hivi. Artemisia alimfanya mjakazi kijana na akampa nusu ya kazi.

Kosa kubwa la hapa ni la wenye nia njema. Mwaka 1611 Artemisia alibakwa na mchoraji Agostino Tassi. Kesi ilisikilizwa Roma mwaka 1612, na yeye mwenyewe alifungwa kamba za mateso vidoleni ili kupima ukweli wa ushahidi wake. Ni kweli, iko kwenye kumbukumbu za mahakama. Lakini anayeingia na habari hiyo mkononi huona kisasi tu, na safu tatu za kwanza zinabaki tupu. Mada ya Yudithi ilikuwa sokoni, wanaume kwa wanawake waliichora, na picha hii ilikwenda kwa Medici, wateja waliojua kutofautisha kazi nzuri na mbaya. Damu inayoruka kwa upinde ilihitaji jicho na mkono uliofunzwa. Kwenye upanga alitia sahihi: EGO ARTEMITIA LOMI FEC., yaani mimi Artemisia Lomi nimefanya. Lomi ni jina la ukoo lenye mizizi Toscana. Mjini Firenze lilikuwa na faida kuliko Gentileschi. Mwaka 1616 alikuwa amekwisha kuingia katika akademia ya wachoraji ya mji huo, mwanamke wa kwanza.

Kesi ya 1612 iandikwe, bila shaka. Iandikwe safu ya tatu, mahali pake.

Siku ya 4, Jumamosi. Njiani

Treni kwenda Paris, siku nzima. Mwenye pasipoti ya Tanzania au Kenya akumbuke kwamba katika safari hii viza ya Schengen inamfikisha Italia na Ufaransa tu. Uingereza ina viza yake, na maombi yaanze miezi mapema.

Kazi ya garini ni moja: pitia kurasa na ufute kila alama uliyoitafsiri kama mtu anayefungua kamusi. Mbwa ni uaminifu, waridi ni mapenzi, mshumaa ni Mungu. Nyumbani hatusomi kanga hivyo. Jina la kanga lilelile likitoka kwa mume ni tabasamu, likivaliwa kupita mlangoni kwa jirani ni vita. Waridi la Titian nalo linategemea limeshikwa na nani, mbele ya nani.

Siku ya 5, Jumapili. Paris, Louvre: sanamu

Jumapili watu ni wengi mno kwenye michoro. Sanamu za Kirumi huwa na nafasi. Tunaloliendea ni Hermafrodito Aliyelala, marumaru ya karne ya 2 baada ya Kristo, juu ya godoro la mawe lililochongwa na Bernini mwaka 1620, godoro ambalo watu hulibonyeza kwa vidole wakidhani litabonyea (wasilibonyeze).

Uje upande wa mgongo. Andika safu ya kwanza yote ukiwa hapo: amelala kifudifudi, kiuno kimepinda, nywele zimefungwa. Kisha zunguka taratibu. Upande wa pili una matiti na una uume. Mchongaji amelipanga zunguko hili, na jukumu la safu ya pili ni kuandika ulipokuwa umesimama macho yako yalipobadilika. Waandishi wa vibao vya Kifaransa na Kiitaliano hulazimika kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume. Ukurasa wa Kiswahili unabaki vilevile kabla na baada: amelala, amelala.

Siku ya 6, Jumatatu. Paris, Louvre: michoro

Leo ni picha tatu tu.

Kiapo cha Wahoratii, cha Jacques-Louis David, 1784, mita 3.30 kwa 4.25. Hii ni picha bora ya kumfundishia anayeanza, kwa sababu jinsia iko kwenye rula. Simama mita sita nyuma, kunja macho mpaka rangi zififie. Kushoto kuna ndugu watatu wa Kirumi, wanaoapa kwenda kupigana na ndugu watatu wa mji adui: miguu imepanuka, mikono imenyooka, kila mstari ungeweza kuchorwa kwa ubao. Katikati baba ameshika panga tatu. Kulia wanawake wamedidimia kwenye viti, mistari yote imepinda, mikono imelegea na haijashika silaha. Matao matatu ya nyuma yanawatenga kama vyumba. Sasa tafuta katika hadithi: mmoja wa wanawake hao ni dada wa maadui na mke wa upande huu, mwingine ni dada wa upande huu na mchumba wa adui. Wao ndio wanaojua bei ya kiapo. David aliwapa ujuzi huo na akawanyima uti wa mgongo.

Odaliski Mkuu, wa Ingres, 1814, sentimita 91 kwa 162. Iliagizwa na Caroline Murat, malkia wa Napoli, dada yake Napoleon. Mnunuzi mwanamke, jambo linalovuruga hukumu za haraka. Mgongo ni mrefu kupita mwili wa binadamu. Wahakiki wa 1819 walihesabu pingili tatu za ziada, na mwaka 2004 madaktari wa Kifaransa waliopima wakasema ni tano. Weka kidirisha mgongoni, kisha mkono wa kulia: nao ni mrefu, unateleza hadi kwenye pepeo la manyoya ya tausi. Mchoraji alijua anatomia. Aliivunja ili mstari uende bila kukwama.

Neno odaliski limetoka Kituruki, lilikuwa la mtumishi wa chumbani. Ingres hakufika Mashariki. Msomaji wa Zanzibar hahitaji kukisia: Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844, mama yake alikuwa suria wa Kicherkesi, na kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886 zimejaa sala, mapishi, ugomvi, ziara na nguo nyingi. Mgongo mtupu uliogeuzwa kwa mgeni haumo. Mwaka 1989 Guerrilla Girls, kundi la wasanii wanawake, lilimvisha odaliski huyuhuyu kichwa cha sokwe kwenye bango lao la New York: katika sehemu ya sanaa ya kisasa ya Metropolitan Museum, wanawake walikuwa chini ya asilimia 5 ya wasanii, na asilimia 85 ya miili iliyochorwa uchi.

Ya tatu ni ndogo, sentimita 81 kwa 65: Picha ya Madeleine, ya Marie-Guillemine Benoist, 1800. Amekaa kitini, kilemba cheupe, titi moja wazi, mkono umelala mapajani juu ya nguo nyeupe, macho yanatufikia bila kukwepa. Utepe mwekundu, nguo nyeupe, shali ya buluu: rangi za Jamhuri. Tarehe ndiyo ufunguo. Ufaransa ilifuta utumwa katika makoloni yake 1794, ikaurudisha 1802. Madeleine alitoka Guadeloupe, akaletwa Ufaransa na familia ya shemeji wa mchoraji. Je, titi lililo wazi ni la mfano wa Uhuru au la mwili unaouzwa? Kiti kizuri kinasema moja, titi linasema jingine, na Benoist hakusaidia. Jina "Madeleine" lilitundikwa ukutani 2019 tu. Kwa zaidi ya karne mbili kibao kilitaja rangi ya ngozi yake. Benoist naye aliacha kuonyesha kazi hadharani mume wake alipopata cheo serikalini. Wanawake wawili kwenye picha moja, na kila mmoja alinyamazishwa kwa njia yake.

Siku ya 7, Jumanne. Paris, Orsay

Tafuta kwanza Kuzaliwa kwa Venus ya Cabanel, 1863. Napoleon III aliinunua. Mkono umetupwa juu ya paji la uso, macho nusu yamefumba. Mtazamaji anajilia kwa raha kwa sababu hakuna anayemwona. Dakika 5 zinatosha.

Olympia ya Manet, sentimita 130 kwa 190, ilichorwa mwaka huohuo wa 1863 na kuonyeshwa 1865. Kelele zilikuwa nyingi hata ikapandishwa juu ya mlango isifikiwe kwa fimbo na miavuli. Safu ya pili inaeleza kwa nini. Lete ukurasa wa Siku ya 1 na uweke mikono miwili bega kwa bega: wa Titian umekunja vidole, wa Manet umebanwa kwenye paja kama kofuli. Mbwa aliyelala amegeuka paka mweusi aliyenyanyua mgongo, maana yake aliyeingia sasa hivi ni mgeni. Kasha halipo, yako maua yaliyofungwa kwenye karatasi, yametoka kwa mteja.

Kisha fanya jambo ambalo wageni wengi hawalifanyi. Elekeza kidirisha kwa anayeyaleta maua na usikiondoe kwa dakika 5. Kioo humeta na nyuma yake ni giza, kwa hiyo sogea hatua mbili kando mpaka mng'ao upungue. Anaitwa Laure, daftari la Manet lilimwandika kwa jina na anwani, ghorofa ya tatu, mtaa wa Vintimille. Amevaa nguo ya mfanyakazi wa Paris, imefungwa hadi shingoni, kinyume cha desturi ya michoro ya wakati ule ya kumweka mtumishi mweusi kifua wazi kando ya kitanda. Utumwa ulifutwa mara ya pili 1848. Huyu ni mtu wa mshahara. Anamtazama Olympia, ambaye hamtazami. Hata wahakiki waliojaa hasira kwa ajili ya Olympia walimpita Laure kama pazia. Modeli wa Olympia, Victorine Meurent, alikuwa mchoraji pia, na mwaka 1876 kazi yake ilikubaliwa kwenye Salon, maonyesho rasmi ya sanaa ya Paris, wakati za Manet zimekataliwa.

Jioni, Susu ya Berthe Morisot, 1872, sentimita 56 kwa 46. Ni ndogo, kwenye simu huonekana sawa na Olympia, na hilo ndilo kosa la kusoma kwa simu. Mama, Edma dada wa mchoraji, ameegemeza shavu kwenye mkono mmoja. Mkono wa pili umeshika chandarua na kukivuta kati yetu na mtoto. Katika siku saba hii ni mara ya kwanza mkono kufunga pazia. Edma alikuwa mchoraji hadi alipoolewa 1869, akaacha.

Ukiwa na dakika 10 zaidi, kuna ng'ombe wa Rosa Bonheur wa 1849, mita 2.60 za jembe na udongo. Aliyewachora alihitaji kibali cha polisi ili kuvaa suruali.

Siku ya 8, Jumatano. Treni kwenda London

Saa mbili na dakika ishirini hivi chini ya bahari na mashamba. Kuchonga penseli.

Siku ya 9, Alhamisi. London, National Gallery

Kuingia ni bure, kwa hiyo panda mara mbili, asubuhi na alasiri, badala ya saa sita mfululizo. Baada ya saa mbili jicho huchoka na kuanza kuona linachokijua.

Picha ya Arnolfini, ya Jan van Eyck, 1434, sentimita 82 kwa 60. Karibu kila mgeni husema mke ana mimba. Hana. Ameshika gauni la sufu la mita nyingi lililokunjwa mbele ya tumbo, mtindo wa wakati ule, na watakatifu mabikira huchorwa vivyo hivyo. Mume yuko upande wa dirisha, mke upande wa kitanda: ndivyo jinsia inavyogawiwa vyumba. Mbwa, taa ya dari yenye mshumaa mmoja na viatu vya mbao vimeandikiwa kurasa na kurasa za maana za siri, lakini uchunguzi wa miale ya infraredi ulionyesha havimo katika mchoro wa awali chini ya rangi. Van Eyck aliviongeza baadaye. Havikosi maana kwa ajili hiyo, ila anayejenga tafsiri yote juu ya mbwa ajue mbwa alichelewa kufika.

Alasiri, Venus wa Velázquez, wa kati ya 1647 na 1651, sentimita 122.5 kwa 177. Mgongo kwetu, Kupido ameshika kioo. Kanuni ya vioo ni rahisi: ukiuona uso wake kiooni, na yeye anakuona wewe, hajitazami. Uso wenyewe ni mkubwa mno kwa umbali ule na umefifishwa. Tarehe 10 Machi 1914 Mary Richardson, mpigania kura za wanawake, aliipasua kwa shoka dogo la nyama kupinga kukamatwa kwa Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wapigania kura hao, akafungwa miezi sita. Miaka mingi baadaye aliongeza kwamba alichukizwa na wanaume waliokuwa wakiikodolea macho kutwa. Mafundi waliziba majeraha; majeraha yalikuwa mgongoni na mabegani, mahali hasa ambapo macho hupelekwa. Richardson naye alikuwa ameisoma picha.

Siku ya 10, Ijumaa. London, Courtauld

Makumbusho ya Courtauld hulipiwa, nayo iko Somerset House, jengo ambalo Royal Academy, akademia ya kifalme ya sanaa, iliingia 1780. Akademia hiyo ilianzishwa 1768, na wanawake wawili, Angelica Kauffman na Mary Moser, wakiwa waasisi. Mchoraji Zoffany alipowachora wanachama katika darasa la modeli wa kiume aliye uchi, wanaume aliwasimamisha chumbani na wanawake hao wawili akawaweka ukutani, kama picha ndani ya fremu, kwa sababu mwanamke hakuruhusiwa kuingia darasa hilo. Mwanamke aliyefuata kuwa mwanachama kamili, Laura Knight, alichaguliwa 1936. Nani aliruhusiwa kuingia chumbani: ni safu ya tatu tena, ila zamu hii chumba ni cha mchoraji.

Picha ya mwisho ni Baa ya Folies-Bergère, Manet, 1882, sentimita 96 kwa 130. Muuzaji, Suzon, alifanya kazi pale kweli. Nyuma yake kila kitu ni kioo. Taswira yake kiooni imehamia kulia, imeinama kuelekea mwanamume mwenye kofia ndefu, wakati yeye mbele yetu amesimama wima. Chupa nazo kiooni hazikai mahali pake. Anza na vitu vya mbali: pembeni juu kushoto, viatu vya kijani vya mwanasarakasi, miguu tu. Chupa zenye pembetatu nyekundu ni bia ya Bass. Chupa ya kwanza kushoto ina lebo yenye sahihi ya Manet, imepangwa miongoni mwa bidhaa.

Sasa kidirisha kwenye mikono. Yote miwili imeegemea ukingo wa marumaru, upande wa ndani wa viganja umegeukia nje, bangili moja ya dhahabu. Haifichi, haielekezi, haikati, haivuti pazia. Inasubiri uagize kinywaji, au inauzuia mwili usianguke saa hizi za usiku. Safu ya nne, kwa Suzon, iandikwe kwa penseli nyepesi. Kabla ya mlango kufungwa saa 12 jioni kuna muda wa kurudi mbele yake mara moja zaidi, ukiwa umesimama upande wa kulia, alipo yule mwenye kofia.